Kuingia Kundini kwa Simu: Mwongozo wa Zana kwa Mchezaji wa Kasanda

Mapango ya mtu mmoja umeshayazoea. Silva kidogo unazo, vazi si lile la kwanza, na sasa unataka kuingia mapango ya watu watano. Unaomba nafasi kwenye kundi, kiongozi anauliza neno moja tu: «IP?» Unamjibu, anakutoa bila kuaga. Kundi la pili nalo yaleyale.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo akiwa na simu ya Android na bando la kununua siku kwa siku, awe Kasanda kwenyewe, Kakonko mjini, Kibondo au Kasulu. Mchezo tunaouzungumzia ni Albion Online, kwa sababu michezo mingi ya aina hii inadai kompyuta ya bei mbaya, lakini huu unachezwa bure, na tangu tarehe 9 Juni 2021 mwenye simu na mwenye kompyuta wanacheza katika dunia moja, kundi moja, soko moja. Wa Free Fire na PUBG Mobile nao wana kipande chao huko mbele.

Kwa nini wanauliza namba

Kiongozi hakujui. Akikosea kuchagua, watu watano wanakufa pangoni, na kwenye maeneo mekundu na meusi ya Albion ukiuawa na mchezaji mwenzako zana zako zinakwenda: nyingine zinaharibika, zinazobaki anabeba aliyekuua. Kwa hiyo anataka kipimo cha haraka, na IP ndicho kilicho karibu. Ni wastani wa nguvu ya ulivyovaa: silaha, kofia, vazi, viatu na joho.

Kipimo hiki kina upofu wake, na si kwa Albion tu. Kwenye World of Warcraft, enzi za toleo la Wrath of the Lich King lililotoka mwaka 2008, wachezaji walitumia programu ndogo iliyoitwa GearScore kujumlisha zana za mtu kuwa namba moja. Haikuchukua muda watu wakaanza kuvaa vitu visivyowafaa kabisa, mradi namba ipande. Wakaingia makundini, wakafia humohumo. Kwa hiyo viongozi wazoefu wakishaona namba hutazama jambo la pili: namba hiyo umeipataje?

Kuna njia mbili za kuipata. Moja ni kununua zana za daraja la juu. Nyingine ni kuiva katika zana chache. Kwa mwenye bando la kubana, njia ya pili ndiyo nafuu, na ndiyo inayokufanya uitwe tena kesho. Mwongozo wote umejengwa juu ya hilo.

Kwanza jifunze kusoma madaraja

Zana zina madaraja 1 hadi 8. Kuanzia daraja la 4 kuna pia nyongeza, inayoandikwa baada ya nukta: 4.1, 4.2, 4.3 na kuendelea.

> SANDUKU: Zana zinazolingana
>
> Nguvu ya msingi ya zana isiyo na nyongeza:
> - Daraja la 4: 700
> - Daraja la 5: 800
> - Daraja la 6: 900
> - Daraja la 7: 1000
> - Daraja la 8: 1100
>
> Kila nyongeza moja huongeza 100. Kwa hiyo 7.0, 6.1, 5.2 na 4.3 zote ni 1000. Kundi likidai «sawa na 7», yoyote kati ya hizi nne inakubalika.

Wengi hawalitilii maanani sanduku hili. Mtu anasikia «sawa na 7» anakimbilia 7.0, hali hajafungua daraja la 7 la silaha ile na mchezo unamkatalia kuivaa. 4.3 ingemtosha, maana hiyo inataka ufungue daraja la 4 tu.

Kisha kuna umahiri. Kila silaha, kofia, vazi na viatu vina tawi lake kwenye ubao unaoitwa Destiny Board. Unapopigana, sifa unazopata zinaingia kwenye matawi ya vile ulivyovaa wakati huo, na kila ngazi ya umahiri katika kipande fulani huongeza takriban pointi 2 za IP kwa kipande hicho. Ngazi 100 ni kama pointi 200. Hizo hakuna atakayekupora, ukifa zinabaki.

Chukua wachezaji wawili. Wa kwanza kanunua seti sawa na 7, umahiri hana: 1000. Wa pili kavaa seti sawa na 6 tu, ila kila kipande kakifikisha ngazi 100: 900 na 200, tayari 1100, ukiacha joho ambalo halina tawi la umahiri. Huyu wa pili anaingia kundi ambalo wa kwanza anafungiwa mlango, na akifa anapoteza kidogo.

Kabla ya zana: seva, bando, simu

*Seva.* Albion ina dunia tatu zisizochangamana: ya Amerika, ya Asia na ya Ulaya, iliyofunguliwa Aprili 2024. Kwa aliye Kigoma chagua ya Ulaya. Data yako kwa kawaida hushuka hadi Dar es Salaam, huingia kwenye nyaya za chini ya bahari na kupanda kaskazini. Kwenda Amerika ni safari ndefu zaidi. Ukishamkuza mhusika wako kwenye seva moja huwezi kumhamishia nyingine, kwa hiyo hapa usikisie.

Nyaya hizo zikikatika huna la kufanya. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja na intaneti ikazorota vibaya nchini. Siku ukiona hata WhatsApp inasuasua, usiingie eneo jekundu. Baki mjini, panga mizigo, uza ulivyonavyo.

*Bando.* Kushusha mchezo ndiko kunakokula, ni gigabaiti kadhaa, na masasisho makubwa nayo huja mara kadhaa kwa mwaka. Shusha kwa bando la usiku au kwa Wi-Fi ya jamaa mjini. Kucheza kwenyewe hakuli sana, lakini usiniamini mimi: fungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, andika namba ya Albion, cheza saa moja, angalia tena. Ukijua saa moja inakula MB ngapi, utajua bando la leo linatosha pango au halitoshi. Zima pia programu zinazojisasisha zenyewe. Bando likikata katikati ya pango, kundi halijui ni bando. Linajua umekimbia.

*Simu.* Punguza michoro hadi chini kabisa na weka fremu 30. Simu ikichemka inaganda, na huganda pale pale mapigano yanapokolea. Toa kava. Usicheze ikiwa kwenye chaji. Umeme ukiwa wa kukatika, pawabanki iliyojaa ni sehemu ya zana zako.

Hatua kwa hatua: kujenga zana

1. Chagua kazi moja. Kundi la watano mara nyingi ni tanki mmoja anayekinga, mganga mmoja na wapigaji watatu. Nafasi za wapigaji ni nyingi, na wanaozigombea ni wengi zaidi. Waganga ni haba, ndiyo maana mganga mwenye IP ya kawaida hupokelewa pale ambapo mpigaji mwenye namba hiyohiyo anakataliwa.

Kwa mtandao wetu ningekushauri uganga wa fimbo za asili. Uponyaji wake unaendelea sekunde kadhaa baada ya kuutuma, kwa hiyo ukichelewa kidogo hakuna atakayekufa kwa sababu yako. Utanki uache kwanza. Tanki akiganda sekunde mbili, adui wote wanamgeukia mganga. Ukipenda upigaji, chukua silaha ya mbali, upinde au fimbo ya moto.

2. Chagua seti moja na uivae kila siku. Silaha moja, kofia moja, vazi moja, viatu jozi moja. Unachovaa ndicho kinachoiva. Anayebadili silaha kila wiki ana matawi mengi mafupi na IP isiyopanda. Kabla ya kuamua, angalia makundi ya kazi yako yanadai seti gani, uive katika hiyo hiyo.

3. Ivisha zana kwenye maeneo ya bluu na ya njano. Huko ukiangushwa huporwi. Mapango ya mtu mmoja yapo, na sifa zinatosha kukufikisha mbali. Usiwasikilize wanaosema maeneo haya ni ya watoto. Wana silva za kuchezea, wewe unajenga.

4. Jifunze soko kabla ya kununua. Kila mji una soko lake: Martlock, Thetford, Lymhurst, Fort Sterling, Bridgewatch na Caerleon haina bei ya pamoja. Kofia ileile inaweza kuwa na bei mbili, kama gunia la maharage lilivyo na bei yake shambani Kasanda na nyingine sokoni Kasulu. Fanya hivi: andika kwenye daftari vipande vyako, na mbele ya kila kimoja bei ya 7.0, 6.1, 5.2 na 4.3. Nunua rahisi kuliko zote kati ya ulizokwisha kufungua. Rudia kila unaponunua, kwa sababu bei haitulii. Usikubali bei ya muuzaji ukiwa huna haraka. Weka oda yako kwa bei ya chini, lala, kesho angalia. Na usikimbilie Caerleon kwa sababu tu umesikia bei nzuri, mji huo umezungukwa na maeneo mekundu.

5. Nunua seti tatu, si moja nzuri. Silva zikitosha seti moja sawa na 8 au seti tatu sawa na 6, chukua tatu. Ukifa na moja, unavaa nyingine dakika hiyohiyo na kundi linaendelea. Mwenye seti moja akifa, jioni yake imeisha.

6. Kamilisha vidogo. Chakula na dawa havionekani kwenye IP, lakini kiongozi anavikagua. Mpigaji hula mchuzi wa nyama unaoongeza nguvu ya pigo, tanki hula sandwichi inayoongeza uhai, na mganga hula kimanda kinachofupisha muda wa kusubiri kati ya uganga mmoja na mwingine. Joho nalo usilisahau: wengi wanajaza kila kitu na kuacha joho la daraja la chini, kisha wanashangaa wastani hausogei.

7. Premium, yaani hadhi ya kulipia, isiwe haraka. Inasaidia, lakini hulipiwa kwa dhahabu ya mchezo, na dhahabu hiyo unaweza kuinunua kwa silva kutoka kwa wachezaji wenzako. Hela ya M-Pesa acha ifanye kazi ya nyumbani.

> TAHADHARI: Sheria ya kupoteza
>
> Kabla ya kuvuka mpaka wa eneo jekundu au jeusi jiulize: nikipoteza vyote nilivyovaa na vyote vilivyo mkobani, kesho nitacheza? Kama jibu si ndiyo ya haraka, vua, weka benki, vaa seti ya chini.

Kuomba nafasi

Tangazo la kundi huwa fupi hivi: «LFM 1H 2D, 1100 IP+, sawa na 7, 18 UTC». Lisome kipande kwa kipande. LFM ni kundi linalotafuta watu; LFG ni mtu anayetafuta kundi. H ni mganga, D ni mpigaji, T ni tanki. IP 1100 ndiyo mpaka, chini ya hapo usijisumbue. Sawa na 7 unajua sasa.

Saa ndiyo inayowaponza wengi. UTC iko nyuma yetu saa tatu, kwa hiyo 18 UTC ni saa tatu usiku Kasanda, na 20 UTC ni saa tano usiku. Ukipewa saa ya Ulaya badala ya UTC, kumbuka wenzetu hurudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba na kuisogeza mbele mwishoni mwa Machi: saa mbili usiku ya Amsterdam ni saa nne usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa tatu wakati wa kiangazi. Omba waandike UTC.

Ombi lako liwe na vitu vinne tu: kazi, silaha, IP, na uko tayari kwa sauti au la. «H, fimbo ya asili, 1120, ninasikiliza sauti.» Ukiandika historia ya maisha, nafasi inachukuliwa na mwingine ungali unaandika. Vyama vikubwa huongeza masharti: skrinishoti ya sifa zako, lugha, na kuwepo kwenye programu ya mawasiliano ya Discord saa za mapigano. Mawasiliano ya sauti hula bando zaidi ya kuandika, kwa hiyo sema mapema kwamba utasikiliza bila kuzungumza, wengi wanakubali.

Mara ya kwanza ukiingia:

1. Fika mapema, zana zimetengenezwa, chakula kimeliwa.
2. Muulize kiongozi swali moja: tunagawaje vinavyopatikana? Uliza kabla, si baada.
3. Mfuate tanki. Usitangulie, usikusanye kitu adui wakiwa hai.
4. Ukiona pingi imepanda, andika «lag» mara moja. Ukikaa kimya wanapanga wakidhani upo.
5. Mkimaliza, shukuru na mwongeze kiongozi kwenye orodha ya marafiki. Kundi la pili mara nyingi linatokana na la kwanza.

Makosa yanayowatoa watu kundini

Kudanganya IP ndilo kubwa, na linagundulika mkifika mlangoni. Lingine ni kuvaa zana zenye namba nzuri zisizoendana na kazi: mganga aliyevaa vazi la mpigaji kwa sababu lilikuwa la daraja la juu zaidi. Kuna pia anayeomba kwa kazi mbili, «naweza tanki au mganga», na kiongozi anaelewa kwamba hakuna hata moja aliyoiva.

Na kuna kuondoka bila neno. Mama akikuita, sema. Sekunde mbili za kuandika zinatosha.

Matapeli

Ndani ya mchezo, mtego wa kawaida ni kundi linalokualika eneo jeusi na kusisitiza uje na seti yako nzuri kuliko zote. Unafika, wenzao wamejificha njiani. Kundi usilolijua liendee na seti ya bei ndogo, hata kama wanakucheka. Usimkabidhi mtu zana «akuongezee nyongeza» kisha akurudishie.

Nje ya mchezo ni ndugu wa wale wa «ile hela tuma kwenye namba hii». Wanakuuzia silva kwa pesa za simu: kwanza ni kinyume cha masharti ya mchezo na akaunti inaweza kufungiwa, pili silva huwa haziji. Wengine wanaomba namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yako «ili kuthibitisha uanachama». Hakuna chama kinachohitaji hiyo. Namba ya tapeli iripoti kupitia 15040, na ukihisi laini nyingine imesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106# uangalie.

Kama unacheza Free Fire au PUBG Mobile

Huko zana zinaisha mechi ikiisha. Kila mtu anaruka na mikono mitupu. Kwa hiyo masharti ya kuingia skwadi ni cheo, wastani wa kuua kwa kila kufa, na muda wako wa kucheza. Cheo cha msimu uliopita kinazeeka, wataangalia cha msimu huu. Tumia hela yako kwenye hedifoni, si ngozi za bunduki: anayesikia nyayo upande wa kushoto anaishi kuliko mwenye bunduki ya kung'aa. Na usiguse tovuti yoyote inayoahidi almasi za bure.

Ukikosa kundi, liunde

Watano wanatosha, na Kiswahili ni lugha ya Bujumbura, Lubumbashi, Mombasa na Mwanza pia. Anza na wawili mnaofahamiana, mganga na tanki, halafu wapigaji mtawapata. Kinyume chake mtakaa mkisubiri. Wekeni siku mbili za wiki na saa moja isiyobadilika, baada ya chakula cha usiku. Masharti yenu yawe ya chini mwanzoni, sawa na 5 inatosha, ila la kufika kwa wakati lisilegezwe.

Kabla hujabonyeza kuomba:

☐ IP yangu inafika bila kuongeza chumvi
☐ Zana zinaendana na kazi niliyoandika
☐ Seti ya pili iko benki, mji wa karibu
☐ Chakula na dawa viko mkobani
☐ Zana zimetengenezwa
☐ Nimegeuza UTC kuwa saa yetu
☐ Bando linatosha saa mbili, si moja
☐ Chaji juu ya nusu au pawabanki iko karibu
☐ Nyumbani wanajua sitapokea simu hadi saa ngapi